Mvi za Dirisha la Kwanza

Wateja wa ofisi ya maji walimwita Mama Dirisha, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi dirisha la kwanza, kushoto ukiingia, na kama bomba lako lilikuwa linatoa upepo huku bili inakuja imenona, foleni yake ndiyo uliyopanga hata kama imefika mlangoni. Madirisha mengine matano yalikuwa na watu wazuri tu, simsemi mtu. Lakini yeye alijua mita ya nani imekwama, mtaa upi una koki mbovu, na faili la fulani limelala rafu ya ngapi. Ukija umefura anakuacha useme mpaka uishiwe, kisha anakuuliza kwa upole, "Umemaliza? Haya, lete namba ya mita." Watu walimpenda kwa hilo.

Kitu kimoja wateja hawakukijua, na wenzake wengi hawakukijua vilevile: kichwa chake kilianza kuwa cheupe akiwa na miaka arobaini na miwili. Mvi hizo ni za ukoo, mama yake naye zilimwahi. Basi kila Jumapili ya pili alikwenda kwa mdogo wake, msusi, ambaye saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba anayoishi, kioo kimoja na viti viwili, akapakwa rangi nyeusi. Miaka tisa hiyo. Mdogo mtu alikuwa na mizaha, na rangi ilipoanza kuwasha alimpulizia utosini akimwambia, "Vumilia dada, ukitaka uzuri sharti udhurike." Wakacheka wote wawili. Msemo mtamu huo, ukiwa unamsemea mwingine.

Sasa nani alimwambia apake? Hakuna, na hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii yote. Hakukuwa na barua, hakukuwa na kanuni, wala hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Aliona tu. Alimwona mwanamke wa dirisha la pili wa wakati ule, ambaye mvi zilipoanza kumtoka aliulizwa kama anaumwa, mara kama ana mawazo, mara akahamishiwa chumba cha mafaili huko nyuma, kusiko na mteja wala hewa, akakaa humo mpaka alipostaafu. Mwenye macho haambiwi tazama. Jumapili iliyofuata Mama Dirisha akaenda kwa mdogo wake.

Na Meneja je? Meneja alikuwa na kichwa cheupe kama pamba, na alikuwa mdogo kwa Mama Dirisha kwa miaka miwili kamili. Zake zilikuwa sifa. Wageni kutoka makao makuu walimpa shikamoo kabla hawajakijua cheo chake. Wafanyakazi walimwita Mzee wa Hekima, na kukizuka mzozo wowote utasikia, mpelekeeni yeye, penye wazee haliharibiki neno. Mama Dirisha mwenyewe aliyasema maneno hayo kwa moyo safi, huku rangi inamla utosi. Halafu kulikuwa na jamaa wa dirisha la nne mwenye kipara kinachong'aa, ambaye alipenda kutania kwamba umeme ukikatika atainama tu na kazi itaendelea. Watu walicheka na kazi ikaendelea.

Shida ilianza siku mwili ulipoikataa rangi. Alipakwa Jumapili, Jumatatu akaamka ngozi ya kichwa imetoka malengelenge na masikio yamevimba. Daktari alimuuliza amepaka miaka mingapi, akatikisa kichwa. Alisema huo ni mzio, na mzio wa namna hiyo ukishaingia hautoki. Akipaka tena utapanda mpaka machoni, na safari ya tatu huenda ukafunga koo. Mdogo wake, aliyekuwa amemsindikiza, hakutia mzaha wowote siku hiyo. Walipofika nyumbani alizitoa chupa zote za rangi ya dada yake kabatini, akazitupa, akaapa kwamba kwa mkono wake hatampaka tena.

Na mambo yakakutana vibaya. Msimamizi wa ukumbi, anayeangalia madirisha yote sita, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi uliofuata. Kiti hicho Mama Dirisha alikuwa amekisubiri miaka sita. Meneja alishamwambia mara mbili mbele za watu kwamba ni chake, usaili utakuwa wa kukamilisha taratibu tu. Aliitaka nafasi ile jamani, nisifiche. Alishaamua ataitoa meza ya msimamizi kule pembeni ilikojificha na kuiweka karibu na mlango, ili wazee na wajawazito wahudumiwe hapohapo bila kupanga foleni. Nafasi ya meza alishaipima kwa hatua, saa ya chakula cha mchana, ukumbi ukiwa mtupu.

Mvi zikatoka. Wiki ya kwanza mstari mwembamba katikati ya kichwa, wiki ya tatu upana wa vidole viwili. Maswali yakaanza, unaumwa, hulali, nyumbani kwema? Alijaribu kufunga kitambaa, akaulizwa kama amefiwa. Alijaribu wigi la saluni ya mdogo wake, joto lake likapasua vidonda vilivyokuwa vinataka kukauka, akalivua kabla ya saa nne asubuhi chooni, analia. Akaamua kwenda kichwa wazi.

Ofisi ile ilikuwa na sanduku la maoni ya wateja, na kila Ijumaa madirisha yakishafungwa, Mama Dirisha ndiye aliyelifungua na kuwasomea wafanyakazi karatasi zote kwa sauti, nzuri na mbaya, bila kuruka hata moja. Utaratibu huo aliuanzisha yeye mwenyewe, maana zamani karatasi za malalamiko zilikuwa zinayeyuka njiani. Ijumaa hiyo alisoma tatu za shukrani. Ya nne ilisema choo cha wateja hakina maji, katika ofisi ya maji, na watu wakacheka. Akafunua ya tano, macho yakatangulia kinywa, akaona. Angeweza kuikunja akaitia mfukoni, nani angejua? Lakini alishawasomea wenzake mambo machungu kuliko hayo, tena akiwaangalia usoni. Akasoma. "Dirisha la kwanza mmeweka bibi kizee. Wekeni mtu wa kuchangamsha."

Mmoja akaguna, kisha kicheko kikapita kwenye viti vyote. Yeye aliiweka karatasi juu ya zile nne na kusoma ya sita. Sauti haikumtetemeka pale, ilimtetemeka nyumbani. Meneja hakucheka. Alitoa kalamu akaandika kitu kwenye daftari lake, na Jumatatu Mama Dirisha akaambiwa akae kwanza chumba cha mafaili mpaka usaili upite. Aliuliza kosa lake. Meneja alimjibu kwa upole sana kwamba hana kosa lolote, yeye ni nguzo ya ofisi, ila mteja akiingia apate kuona uhai. Alisema hayo huku anazipapasa mvi zake, na wala hakuona ajabu yoyote. Mkuki kwa nguruwe, waungwana.

Wiki mbili alikaa na mafaili. Ukuta ulikuwa wa mbao, na kila siku aliwasikia wateja wakimuulizia upande wa pili na kujibiwa kwamba hayupo. Mama mmoja aliyekuwa amezungushwa madirisha matatu alisema kwa sauti, basi nitarudi akiwepo. Mama Dirisha alisimama na faili mkononi, anajua kabisa ni mita ipi na tatizo lake ni nini, na hakuweza kutoka. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu siku za usaili kwa namna nyingine.

Jumamosi alikwenda saluni, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akamwangalia mdogo wake kwenye kioo.

"Mara moja tu," alisema. "Kwa siku ya usaili. Sitakuomba tena maisha yangu yote."

"Daktari alisema nini, dada?"

"Alisema macho. Macho yakivimba yatapona."

"Na koo?"

"Koo alisema safari ya tatu. Hii ni ya pili."

Mdogo wake aliweka chanuo chini, akatoka nje, akakaa kizingitini mpaka dada yake alipoondoka. Alisema baadaye kwamba alidhani amemshinda. Hakumshinda. Mama Dirisha alinunua paketi ya rangi duka la mtaa mwingine, na usiku wa kuamkia siku ya usaili akajifungia bafuni, akajipaka mwenyewe, kwa mswaki wa zamani. Hakuipata vizuri kisogoni.

Asubuhi kichwa kilikuwa kinawaka kama kimemwagiwa pilipili. Wasaili walikuwa watatu, wanaume wote, wawili wenye mvi na mmoja wa makao makuu mwenye tumbo lililokuwa limekifungua kifungo cha chini cha shati, na hakuna aliyemwambia afunge. Meneja alipomwona alitabasamu mpaka macho yakapotea, akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye mama niliyewaambia. Yule wa makao makuu akaongeza kwamba amependeza, hata miaka yake kwenye fomu haamini. Mama Dirisha akashukuru. Akajibu kila swali. Akawaeleza habari ya meza kuhamia karibu na mlango, hatua kumi na nne kutoka dirisha la kwanza, na wote watatu wakaandika. Kufikia swali la mwisho kope ya kulia ilikuwa imeshuka, naye alikuwa anamwona yule wa makao makuu kupitia ufa tu wa jicho. Hakuna aliyegundua. Walikuwa wanaziangalia nywele, na nywele zilikuwa nyeusi.

Alipofika mlangoni alishika fremu akasimama. Mlinzi ndiye aliyempigia simu mdogo wake. Kufikia mchana macho yote mawili yalikuwa yamefunga, na muuguzi akamnyoa kichwa kizima ili vidonda vipakwe dawa. Daktari alikasirika kweli kweli, akamuuliza kama alitaka kufa. Mama Dirisha alijibu kwamba hapana, alitaka kazi.

Siku ya nne, akiwa kwa mdogo wake, amelazwa kwenye kochi la saluni huku pazia limeshushwa na wateja wa kusuka wameambiwa wasubiri wiki ijayo, Meneja alikuja. Alileta machungwa, na akaleta barua. Alikuwa na furaha ya mtu anayeleta jambo jema, na mimi sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliifungua bahasha, akasoma kwa sauti yake nzuri ile ya mikutano kwamba jopo limeridhika kwa kauli moja, kwamba ameteuliwa kuwa msimamizi wa ukumbi kuanzia Jumatatu ya juma lijalo. Mama Dirisha hakuwa anaona kitu, lakini mkono wake uliutafuta wa mdogo wake, akaushika, akaubana. Machozi yalitafuta njia katika kope zilizovimba yakakosa.

Meneja akaketi. Akauliza daktari anasemaje. Mdogo mtu akamwambia yote, kwamba rangi ndiyo basi, asiiguse tena mpaka kufa kwake, na kichwa kisifunikwe kitu kwa miezi mitatu au minne. Meneja alisema pole. Kisha akasema siku hizi kuna mawigi mepesi sana, mke wake anayo, huwezi kutofautisha.

"Bosi," Mama Dirisha alisema, "nikuulize kitu. Wewe mvi zilipoanza kukutoka, ulipaka nini?"

"Mimi?" Meneja alicheka, cheko la kushangaa kweli. "Mimi nipake nini, dada yangu?"

"Basi na mimi Jumatatu nitakuja na kichwa hiki. Kitakuwa hivi, baadaye kitakuwa cheupe. Mezani nitakaa mimi, pale karibu na mlango."

Kiti kililia kidogo. Meneja alikohoa, akasema afya kwanza, mambo haya hayana haraka, kule makao makuu wana msimamo wao kuhusu sura ya ukumbi, atazungumza nao, wataona. Akamtakia nafuu. Akamsihi ale machungwa. Mdogo mtu akamsindikiza mpaka nje, kwa adabu, kama mgeni anavyosindikizwa.

Aliporudi alifunua pazia kidogo apate mwanga. Akaangalia kwenye meza ya kioo, akainua mfuko wa machungwa, akaangalia chini ya kochi.

"Dada, ile barua ameiweka wapi?"

Mama Dirisha alikuwa amekunja mikono kifuani, uso umeelekea alikokuwa ameketi mgeni. Miaka ishirini na miwili amekaa na karatasi za watu, na alijua mlio wa karatasi inayofunguliwa na mlio wa karatasi inayorudishwa.

"Ameondoka nayo," alisema. "Nimemsikia akiikunja."