Mayai ya Shangazi

Juzi hapa Kahama nilimwona msichana wa shule akila yai la kuchemsha pembeni ya stendi, bila kumwogopa mtu, nikamkumbuka shangazi aliyenilea.

Kuku wake walitaga kila siku, lakini mayai yalikuwa ya mwanawe Masanja. Mimi nilipewa ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, mchana na jioni. Siku nilipoomba yai alinizaba kofi.

"Msichana akila yai huzaa mtoto mwenye upara!"

Nilimwamini kabisa. Ndiyo maana niliamua kumlipizia kisasi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mjamzito.

Alasiri moja nilipokuwa nikipika, niliiba mayai mawili, nikayapasulia ndani ya nsansa na kukoroga mpaka yakapotelea kwenye karanga nilizoungia. Moshi wa kuni ulinitoa machozi huku nikicheka peke yangu. Shangazi alikula, akalamba vidole.

"Leo umepika, mwanangu."

Tangu siku hiyo nilimpikia hivyo kila nilipopata nafasi, nikiusubiri upara kwa hamu. Sikujua kwamba nilikuwa namlisha vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwetu.

Mtoto alizaliwa mnene, nywele zimemjaa hadi kwenye paji la uso. Nililia kwa hasira, na wanawake waliokuja kumwona wakadhani ni furaha. Kumbe nilikuwa nimedanganywa miaka yote ile.

Kesho yake, shangazi akiwa bado kitandani, nilichemsha mayai yote yaliyokuwa kapuni. Nikakaa mbele yake, nikayala moja baada ya jingine, nikimtazama usoni.