Namna Wandera Alivyomuua Babu wa Kisimani

Wandera alikuwa mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba msamaha. Tangu ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha soksi huko Industrial Area, kwenye mashine ya kufuma visigino, na alikuwa akilitaja hilo kwa uzito ule ule ambao wengine husema wao ni marubani. Halafu mitumba ikafurika soko la Gikomba. Nchi nzima ikagundua kwamba soksi kuukuu ya Mjerumani inadumu kuliko soksi mpya ya Wandera, na kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi waliambiwa asubuhi, nje ya lango, na bawabu. Wandera alimshukuru bawabu.

Wandera hakumwambia mkewe, Triza. Si kwamba alikaa chini akapanga uongo. "Mdomo ulikataa tu," aliniambia siku nyingine, akiangalia ukuta. Jioni ile alifika nyumbani Mowlem saa yake ya kila siku. Triza akamuuliza kazi ilikuwaje, akajibu ilikuwa kazi. Kesho yake Triza akamwamsha kama kawaida, akamfungia chakula kama kawaida, na miguu ikatoka yenyewe kama kawaida. Kumdanganya mke si vigumu, mradi uwe na pa kukaa mpaka saa kumi na moja.

Pa kukaa palikuwa kwa Mama Nimco.

Huyu alikuwa na chumba cha mabati upande wa Umoja, chenye televisheni mbili na mashine mbili za gemu ambazo kaka yake alimletea kutoka Eastleigh. Mashine moja ilikuwa ya mpira, na hapo vijana walipokezana wakitukanana mama zao. Ya pili ilikuwa ya gemu ndefu, ya mtu mmoja mwenye upanga anayezunguka milima akiua kila kinachopumua, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Mtaa mzima hakukuwa na mtu wa kusoma hata herufi moja. Tulicheza kwa kuhesabu mistari: wa kwanza kununua, wa pili kuvaa, wa tatu kuhifadhi. Wa nne haukuguswa. Muturi, fundi wa redio, aliwahi kuugusa wakati wa kuhifadhi, na jasho la mtaa mzima likafutika kwenye kadi ya kuhifadhia gemu tukitazama. Tangu siku hiyo mstari wa nne ukawa mwiko katika kila orodha, hata ile ya kupunguza sauti. Gemu ilipiga kelele vile ilivyotaka.

Nasema jasho la mtaa kwa sababu mwenye upanga hakuwa wa mtu. Unacheza zamu yako, unahifadhi, anayekuja baadaye anaendelea pale ulipoachia. Tulimlea kama yatima wa kanisa: huyu kamnunulia ngao, yule kofia ya chuma, mwingine viatu vya chuma, mpaka akawa anatembea kama kabati.

Tulikuwa tumeshaimaliza gemu yenyewe. Aliyeimaliza ni huyo huyo Muturi, na tukamfanyia ile desturi yetu. Anayemaliza hubebwa begani mpaka kwake, madebe yakipigwa, mpaka mlangoni, na watu wa nyumba yake lazima watoe kitu cha kutafuna. Hakuna kukataa. Muturi alikataa, akabebwa miguu juu.

Kilichobaki kilikuwa Babu. Babu alikaa chini ya kisima katika kijiji cha tatu, jitu la minyororo lisilo na uso. Hakuwa njiani. Hakulinda mlango wala hakumdhuru mtu. Ungeweza kukipita kisima ukaenda zako, na gemu ikaisha vizuri. Lakini mwanamume akiambiwa si lazima, hapo ndipo anapokosa usingizi. Kila mtu alishuka, na kila mtu aliuawa kwa pigo moja au mawili. Mama Nimco alikuwa ametangaza kwamba Babu akifa anaitoa sidii ya gemu hiyo ndefu na kutia mpira kwenye mashine zote mbili, maana mpira huleta wengi.

Wandera alikubaliana naye hivi: asubuhi yeye ndiye afungue, afagie, anyunyize maji vumbi litulie, na mashine ya gemu ndefu iwe yake mpaka wateja wajae. Asubuhi wateja tulikuwa wachache. Nilikuwako mimi, niliyeachana na diploma ya uhasibu katikati ya mizania, na Muturi akisubiri redio ziharibike. Wandera aliketi na mkebe wake wa chakula kando ya kiti, akashuka kisimani, akauawa, akashuka tena. Nilidhani ana tamaa ya kushinda. Kumbe alichagua Babu kwa sababu hashindiki. Asiyeshinda habebwi kwake.

Alikuwa anauawa bila kukunja uso.

"Baba Ayuma," nikamwambia Wandera siku moja, "huyu Babu angekuwa mwajiri ungekuwa umeshapata pensheni."

"Ana utaratibu," akasema. Basi.

Halafu shule zikafungwa, Aprili ya tisini na tisa, na Thuo akaja. Alikuwa wa kidato cha tatu, na vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko akili. Jumatatu jioni alimfikisha Babu mahali hatukuwahi kufika, damu ya Babu ikabaki kama uzi. Chumba kikasimama. Babu akamuua, lakini kila mtu aliona kuwa ni suala la kesho. Mama Nimco akaipangusa sidii ya mpira kwa ncha ya mtandio wake, akaiweka tayari juu ya televisheni.

Wandera alikuwa anaondoka. Akasimama mlangoni, akaitazama ile sidii, akaenda kwake.

Jumanne asubuhi vijana walijaa mapema kumsubiri Thuo apewe zamu. Wandera alikuwa ameshaketi, na mwenye upanga ameshashuka kisimani mbele ya Babu.

"Mzee, maliza kufa utuachie," Thuo akasema.

"Nakufa sasa hivi."

Akafungua orodha. Kidole kikashuka: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kikashuka tena.

"Huo ni wa nne, mzee," Muturi akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kuna nyoka.

"Najua."

Akabofya. Aliniambia baadaye alichokusudia, bila aibu wala majuto, kama anayenisomea bei ya sukari. Alitaka kadi ifutike. Kazi yote ifutike, tuanze tena kijiji cha kwanza na kisu cha mbao, na Babu abaki mbali kwa miezi mingine mingi. Wangemtukana, labda hata kumpiga, lakini kiti kingebaki.

Haikufutika. Ile haikuwa orodha ya kuhifadhi, ilikuwa orodha ya mavazi, na hapo mstari wa nne ulikuwa wa kuvua. Chuma chote kikaanguka kwa kishindo, ngao, kofia, viatu, na yatima wetu akabaki na suruali fupi na upanga.

"Amemvua nguo," kijana mmoja akasema. "Mzee amemvua nguo mtoto wetu."

Babu akapiga. Kumbe lile jitu lilikuwa linakupiga kwa uzito wako mwenyewe: kadiri ulivyovaa ndivyo ulivyoumia. Sisi tulikuwa tumempelekea kabati miezi yote ile. Pigo likampata yule wa suruali fupi, likamsogeza hatua moja, basi. Akawa mwepesi, anazunguka, anachoma, anazunguka.

Nilimtazama Wandera, sikuitazama televisheni. Angeweza kukiweka chini kile kidude cha kuchezea. Kuna wakati alikiangalia, nikafikiri anakiweka. Lakini mikono yake ilikuwa inaendelea, kulia, kushoto, kulia, vile mikono ya mtu wa mashine inavyoendelea hata msimamizi akiwa anamsemesha. Ilikuwa imepata kazi.

Babu akapiga magoti. Minyororo ikalegea. Maandishi ya Kijapani yakapita, na yatima akapewa zawadi: mshipi. Mshipi tu, wa kufungia ile suruali.

"Haya," Wandera akasema, akasimama, akampa Thuo kidude. "Zamu yako."

"Zamu gani, mzee? Wewe unabebwa."

"Nitatembea."

"Hakuna kutembea."

Nikajaribu. "Jameni, tumbebe jioni. Mzee ana shughuli."

"Shughuli gani na amekuwa hapa tangu macheo?" Thuo akauliza. "Mimi namjua kwake. Ni ploti moja na shangazi yangu, pale Mowlem."

Wakambeba. Alikaa juu ya mabega na mikono magotini, kama mtu anayenyolewa. Madebe yakalia, wauza mboga wakasimama, watoto wakafuata. 

Triza alikuwa uani akifua blanketi kwenye karai, mikono yote ndani ya povu. Alisikia kelele, akainua kichwa, akamwona mumewe juu ya watu asubuhi ya siku ya kazi. Wake za watu wa viwandani wanajua maana ya mume kuletwa akiwa amebebwa. Akasimama, maji yakimtiririka.

"Ameumia wapi?"

"Hajaumia, mama. Ameshinda. Amemuua Babu."

"Babu gani?"

"Wa gemu. Pale kwa Mama Nimco."

Akamtazama Wandera aliye juu. "Na kazini wamekuruhusu?"

Hapo ndipo madebe yalipoanza kufa, moja moja. Lakini Thuo alitaka kumsifia mzee. "Huyu, mama, ndiye hutufungulia. Kila siku anafika wa kwanza."

Triza akafuta povu mikononi. Aliingia ndani, akatoka na ungo wa njugu karanga, akatugawia kila mmoja kiganja, kama desturi inavyotaka. Aligawa sawasawa, akaanzia kwa wadogo. Vijana walimteremsha Wandera kama wanavyoteremsha kioo, wakashukuru, wakaondoka wakitafuna. Mimi nilibaki langoni na debe langu, sijui kwa nini.

Triza akashika ncha moja ya blanketi, akamnyooshea mumewe ya pili. Wakaanza kukamua, yeye akizungusha kulia, Wandera kushoto.

"Tangu lini?"

"Februari."

Maji yakamwagika miguuni mwao.

"Na huyo Babu, ilikuwa lazima umpige?"

"Hapana. Mtu anaweza kumpita."

"Si ungempita."

"Nilijaribu."

Wakakamua mpaka hakikutoka kitu tena. Triza akalitupa blanketi kwenye kamba, akalinyoosha kingo. Wandera akasimama akingoja, mikono ikining'inia.

"Vibanio viko wapi?" akauliza.

"Dirishani."

Akaenda kuvileta.