Baa Mia na Sitini

Mashine ile iko stoo hadi leo, nimeifunika gunia. Si mbovu. Ubaya ulikuwa katika namna nilivyoichagua, na kila nikiiona namwomba Mungu msamaha.

Mgongo wangu ulikuwa umekataa kuinama na ndoo. Gari letu dogo, kuukuu, likienda shambani Mkuyuni wakati wa masika hurudi limevaa udongo mwekundu mpaka kwenye vioo. Nikaona ninunue mashine ya kuoshea gari kwa presha, nioshe nimesimama wima, ili Ijumaa twende msikitini na gari safi.

Nyuma ya gari hilo, kwenye buti, kulikuwa na neno TARATBU. Mke wangu ndiye aliyeliandika. Nilikuwa nimefundisha watoto wa watu madrasa kwa miaka mingi kabla ya kukumbuka kwamba nyumbani mwangu mna mtu asiyejua kusoma. Siku alipoweza kuunganisha herufi, alichukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango ya nyumba, akaniandikia onyo la mwendo. Herufi moja aliisahau. Nilipomwambia, alicheka.

"Mwalimu, ukiendesha taratibu utaisoma tu."

Rangi ilikuwa nzito, imevimba. Kisukari kilipomnyima macho, alilitambua gari kwa neno lile. Kila safari alitoka barazani peke yake, akapapasa herufi kutoka kulia kwenda kushoto kama anayesoma Kiarabu, kisha akafuata ubavu mpaka kwenye mlango wake. Hakuhitaji mkono wa mtu.

Dukani mjini, mwenye duka, Mhindi tuliyefahamiana naye tangu ujana, aliniuliza, "Maalim, unataka ya baa ngapi?"

"Mimi na baa wapi na wapi?" nikamjia juu. "Baa naijua kwa kuipita tu!"

Duka zima likacheka. Mama mmoja aliyekuja kununua koki akasema, "Maalim kaulizwa baa, kajitetea kabla hajashtakiwa!"

Mwenye duka alijifuta machozi, akanieleza kwamba baa ni kipimo cha nguvu ya maji. "Gari la nyumbani, baa mia zinakutosha. Hii ya mia na sitini wanachukua watu wa matrekta kule Dakawa. Kwani rangi ya gari lako ni ya kiwandani, au imepakwa kwa mkono?"

Swali hilo ndilo nililopaswa kulijibu. Lakini uso ulikuwa unanichoma kwa aibu, nami nilitaka kutoka pale nikiwa mtu anayejua anachonunua.

"Nipe hiyo ya mia na sitini."

"Taratibu, maalim, hiyo—"

"Nimesema hiyo."

Neno la mke wangu lilitoka katika kinywa cha mtu mwingine, nami sikulisikia.

Jumanne niliosha gari. Maji yalitoka kama msumari. Tope liliporuka kutoka kwenye buti nilifurahi, mpaka nilipoona kwamba baadhi ya vipande vilikuwa vya kahawia, rangi ya milango yetu. Nilipoachia kitufe, ilikuwa imebaki T peke yake. Niliigusa, ikaanguka.

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia. Nilisali kila sala kwa wakati wake, na baada ya kila sala nikanyamaza.

Ijumaa alitoka na baibui lake, mkono mbele. Kiganja kikatua kwenye buti, kikaenda kulia, kikarudi kushoto, kikarudia.

"Mwalimu, hili gari la nani?"

"Letu," nikasema. Hapo ndipo nikamweleza yote, hata habari ya baa. Ya baa ilimchekesha sana. Kisha akapapasa tena bati laini.

"Umefuta ubao," akasema, "na mimi sijamaliza kusoma."

Jumamosi nilimletea kopo la rangi na brashi. Alinirudishia. Alisema vidole vyake vinajua kusoma, kuandika vimeshasahau.

Hajanilaumu hata siku moja. Namshukuru Mungu kwamba bado ninao mkono wake wa kuushika, nami huushika kila safari. Lakini zamani alikuwa akinitangulia garini, akinipigia honi nikichelewa. Sasa hukaa barazani, mkoba magotini, akinisubiri nimalize kufunga milango.