Bwawa la Mama Achieng

Asubuhi moja ya ujana wangu bado inanirudia, mwanangu, hasa ninapokuona umebeba pampu na una haraka. Nilikuwa fundi wa mabwawa ya kuogelea pamoja na binamu yangu Odhiambo. Baba yake, mzee Okelo, ndiye aliyetufundisha kazi huko Rangwe, kwenye ardhi ya juu, ambako ukichimba unakutana na udongo mkavu na mawe.

Mama Achieng alikuwa mwalimu aliyestaafu. Alijenga nyumba ya wageni Homa Bay, karibu kabisa na ziwa, na bwawa ndilo lililokuwa tegemeo lake. Watu wa Oyugis walikuwa waje kufanya harusi pale wiki iliyofuata, na bwawa lilikuwa linapoteza maji.

Tulianza vizuri. Tuliweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, tukatia alama ndani na nje ya ndoo. Kesho yake maji ya bwawa yalikuwa yameshuka kuliko ya ndoo, kwa hiyo si jua lililoyakausha. Tukazima pampu, yakaendelea kushuka. Yalipofika usawa wa taa ya ukutani, yakasimama.

"Ni taa," Odhiambo alisema. "Maji yakisimama, tundu liko hapo hapo. Tuyatoe yote tuzibe."

Kule Rangwe kanuni hiyo haikuwahi kutuangusha. Nilisema labda tumngoje mzee.

"Ngoja wewe, omera, ndugu yangu. Unaogopa maji gani? Nyasi zimekauka mpaka mbuzi wanalalamika."

Nikacheka, nikawasha pampu.

Bwawa lilipokaribia kuwa tupu, sakafu ililia kama mlango mzito. Vigae vikaruka. Upande wenye kina ukainuka, ufa ukapita katikati, na maji ya matope yakaanza kububujika kutoka chini.

Mama Achieng alisimama ukingoni. "Sasa yanaingia," alisema polepole. "Si mliniambia yanatoka?"

Nikazima pampu.

Mzee Okelo alifika jioni. Hakupaza sauti.

"Nyathina," aliniambia, kwa upole kama ninavyokuita mwanangu, "mlichimba shimo pembeni mwone maji ya ardhini yako wapi?"

"Hapana, Baba."

"Mliuliza majirani kwa nini vyoo vyao vimeinuliwa juu ya ardhi?"

"Hatukuuliza," Odhiambo alisema.

"Maji hayakusimama kwa sababu ya taa," mzee alisema. "Yalisimama kwa sababu ya ndani na ya nje yalilingana. Hayo ya ndani ndiyo yaliyolikandamiza bwawa likae chini. Mkayatoa."

Tundu tulilikuta baadaye kwenye bomba la sakafuni. Mtu anayejua kupiga mbizi angeliziba bila kutoa maji. Harusi ilihamia kwingine. Siku ile Mama Achieng alituandalia chai kabla hatujaondoka, na chai hiyo inaniuma kuliko matusi ambayo angeweza kututukana. Tulirudi tukaomba kumjengea upya bila malipo. Alishukuru, akasema hana moyo tena. Akafunga nyumba, akarudi kwao Asumbi.

Kwa hiyo nisikilize. Ndoo itakwambia kama maji yanavuja. Rangi kidogo ikidondoshwa karibu na ufa, maji yakiwa yametulia, itakuonyesha yanapopitia. Lakini karibu na ziwa, usiamini mahali maji yaliposimama mpaka uchimbe shimo pembeni, ulinganishe. Ukikuta maji ya nje yako juu, ziba humo humo majini. Kama ni lazima kulikausha, kwanza vuta maji ya ardhini kutoka shimoni yashuke chini ya sakafu, na uendelee kuyavuta mpaka umalize na bwawa lijae tena. Mwenye nyumba akikuharakisha, mwambie ukweli, hata akikasirika. Hasira yake itapoa.

Nyasaye akupe macho ya kuona kilicho chini ya miguu yako, na kila mlango utakaoupita ukimaliza kazi ufurahi kukuona ukirudi.