Posa Yangu, Sura ya Nne

Nina shahada mbili za isimu, na bado kunyamaza kunanishinda. Profesa wangu hapa Mbeya alinionya mapema kwamba lugha haisomwi peke yake: ichanganye na mila, historia na saikolojia, kisha uifuate inakoishi. Mimi nikaifuata mpaka ukweni.

Tulikuwa tumepeleka posa Iringa, kwa Mzee Liberatus, baba yake Bertha. Kila Mnyakyusa mwenye akili timamu anajua kazi ya muoaji siku hiyo: kukaa, kuinamisha kichwa, kumwachia mshenga maneno. Mshenga wangu, mjomba Gwakisa, alinikumbusha hilo njia nzima. Niliitikia, huku simu imo mfukoni inasubiri kurekodi. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilihusu mazungumzo ya posa. Data tamu kama ile ningeipata wapi tena?

Mjomba alianza vizuri. Alisema tumepotelewa na mtamba, na nyayo zimeishia kwenye boma hili. Mzee Liberatus akajibu kwa fumbo refu la Kihehe, na mwishoni mwake jogoo akawika, akayafunika maneno. Nami, juha niliyesomeshwa, nikainua kichwa na simu juu.

“Samahani mzee, naomba urudie hiyo sentensi ya mwisho.”

Mjomba alifumba macho. Wazee wakatoka nje kuteta, na mimi nikabaki nikitazama soksi zangu, nimeogopa kweli. Nampenda Bertha. Nilikuwa nimempoteza kwa ajili ya jogoo.

Waliporudi, walisema aitwe binti mwenyewe. Shangazi yake akamuuliza kama anawajua wageni hawa.

“Nawajua, shangazi,” alisema Bertha. “Ila huyo mwenye simu muulizeni kwanza, amekuja kuchukua mke au maneno?”

Wote wakanigeukia. Sasa niliruhusiwa kusema. Nikafuta rekodi mbele yao, nikamkabidhi shangazi simu kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. 

“Basi pokeeni posa yao,” alisema Bertha.

Tulitozwa faini ya mbuzi kwa mdomo wangu. Profesa bado anaidai sura ya nne, nami namwambia data zimepotea. Namdanganya. Bertha anayakumbuka maneno yote ya siku ile, na kila tukigombana hunirudishia moja baada ya jingine, pamoja na jogoo.