Nyota Kwenye Tangi la Shosho

Jamani, kuna aibu ya kuanguka, mtu ukainuka ukajipangusa, na kuna aibu ya kusimama umevaa suti mbele ya kanisa zima huku mama mmoja amenyoosha kidole kwenye injini ya gari akiuliza sufuria yake imefikaje humo. Yangu ni hiyo ya pili. Na kwa kuwa mliokuwepo mnaisimulia vibaya (eti niliiba, mimi sikuiba), acheni niisimulie mwenyewe.

Mnajua mimi ni mtu wa kuchomelea. Hapa Durban nilianza kwa kuchomelea matrela ya malori yanayokwenda bandarini, moshi na kutu kila siku, mpaka nikapata kona ya kukodi ndani ya ghala moja kule Mobeni na kuanza kutafuta kazi safi za alumini, zile za watu wanaopenda magari. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Dokta Wanjohi, Mkenya wa Morningside, mwalimu wa chuo kikuu na mzee wa kanisa letu. Ana gari la zamani la rangi ya maziwa analoliita Shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao, na huyo Shosho alikuwa amefungiwa turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini mpaka kizee kinaondoka kama kimekanyagwa mkia. Sasa turbo ikiingia chini ya boneti, vingine vyote vinakosa pa kukaa. Kazi yangu ilikuwa kuvitengeneza upya: mabomba ya hewa, ngao ya kuzuia joto, vishikio, na tangi dogo la maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, kwa sababu lile la plastiki lilikaa palepale turbo ilipotaka kukaa.

Wambui, binti yake Dokta, alikuwa anaolewa Jumamosi, na Shosho ndiye wa kumleta kanisani. Marafiki wa Dokta wenye magari ya zamani wangesindikiza, na Dokta aliniambia wazi kwamba wale watu hawawezi kuona boneti wasiifungue, na wakipenda watakachokiona sitarudi tena kwenye matrela. Nilikitaka kitu hicho hata usingizini.

Ijumaa mchana kila kitu kilikuwa tayari, mabomba yanang'aa unaweza kunyolea ndevu, isipokuwa tangi. Bamba la mwisho la alumini nilikuwa nimelikata vibaya (nilipima upande huu nikakata upande ule, msinicheke), na duka la kununua lingine lilikuwa limeshafunga, maana Ijumaa wanafunga mapema. Nikaenda nyumbani na hasira zangu, na pale mlangoni, nyuma ya mtungi wa gesi, nikaiona sufuria. Sufuria ya alumini, nene, imesuguliwa ikasuguka, na ubavu wake umepinda vilevile nilivyotaka ubavu wa tangi upinde. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa saluni na simu yake imezimwa. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu: ningeweza kumngoja arudi nimuulize, sikumngoja. Nilijiambia ni moja ya zetu kuukuu, nitamnunulia mpya, na kabla dhamiri haijapata la kusema nilikuwa kwenye taxi ya kurudi Mobeni nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Kwenye kitako chake palikuwa na nyota, imegongwa kwa msumari vitone vitone. Kitako ndicho kilikuwa bapa na kinene kuliko pengine, kwa hiyo nikakifanya uso wa juu wa tangi, nikaziba matundu ya vishikio, nikachomelea kila upande, nikajaza maji nione kama linavuja. Halikuvuja hata tone. Nikaling'arisha, na nyota ikatokea pale juu imetulia kama imepangwa. Jioni Dokta akaja kuangalia, akaipapasa, akauliza kama nimeichora mwenyewe. Nikausikia mdomo wangu ukisema ndiyo, Dokta, hiyo ndiyo alama ya kazi yangu, kila fundi wa maana ana alama yake. (Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Alama! Mimi niliyekuwa hata kibao cha mlangoni sina.)

Nilichokuwa sijui ni hiki. Akina mama wa kanisa wana sufuria zao za harusi na misiba, zote zimegongwa nyota na mwenyekiti wao, Maman Régine, ili zisichanganyike na za watu, na huwa zinalazwa kwenye nyumba moja baada ya nyingine. Zamu ilikuwa yetu. Mama Furaha, yule mjane wa Uvira, Kongo, ambaye hana muda mrefu hapa mjini, aliosha ile ya mwisho akaileta, akakuta hakuna mtu, akaiacha mlangoni. Mke wangu aliporudi hakuona kitu. Akampigia simu, Mama Furaha akasema ameileta, mke wangu akasema mbona haipo, na kufikia usiku jambo limeshafika kwa Maman Régine, wakati mimi niko Mobeni nakaza boliti na kujiimbia, na niliporudi mke wangu alikuwa ameshalala.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika uwanjani kwa kanisa, magari yajipange yaende Morningside kumchukua bibi harusi. Akina mama walikuwa nyuma ya ukumbi wanakata vitunguu, sufuria zimefunikwa kifudifudi ukutani zikauke. Mama Furaha hakuwa nao. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki peke yake, aproni yake safi kabisa, mikono mapajani. Nikamuuliza mke wangu ana nini, naye akanieleza upesi upesi kwamba sufuria imepotea, kwamba yule mama anasema aliiacha kwenye mlango wetu, kwamba wengine wameshaanza kusema labda ameiuza, na Maman Régine amemwambia apumzike leo, asipike.

Nikaelewa yote kwa mpigo, na nilipaswa kwenda kwake saa hiyohiyo. Lakini boneti ya Shosho ilikuwa imeshafunguliwa, wazee wa magari wamelizunguka, na wote wanalitazama tangi. Nikasema moyoni, acha harusi ipite kwanza. Naona aibu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa sufuria yenyewe.

Kati ya wale wazee palikuwa na Bwana Naidoo, Mhindi wa hapahapa Durban, mpole, mwenye gari lake la buluu, na huyo aliipenda ile nyota mpaka akasema anataka tangi kama hilo na nyota juu yake, la sivyo hataki. Kisha akaenda jikoni kuomba chai. Akarudi na kikombe, amefurahi kama mtu aliyeokota kitu, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kumbe natengeneza na sufuria pia, maana zote za kanisa zina alama yangu kwenye kitako.

Akina mama wawili walikuwa wamemfuata na sahani ya mandazi. Wakachungulia ndani ya boneti. Mmoja akarudi mbio, na haukupita muda Maman Régine akaja mwenyewe, mwiko mkononi, na jiko zima nyuma yake.

“Papa Neema,” akasema, “hii ni nini?”

Nikamtazama Dokta, nikamtazama mke wangu ambaye alikuwa ameanza kujifunika uso na kitenge, kisha nikamwona Mama Furaha amesimama kutoka kwenye kiti chake.

“Ni sufuria,” nikasema. “Niliikuta ku mulango yetu, pale Mama Furaha aliiachaka. Hakudanganya. Ni mimi niliikata, na nyota si yangu.”

Mke wangu akakaa chini palepale kwenye sementi na kitenge chake cha harusi. Maman Régine akasema kitu hicho kitolewe sasa hivi, na haki alikuwa nayo, ila bila tangi Shosho angechemka kabla ya kufika robot ya pili, zile taa za barabarani, na bibi harusi alikuwa Morningside ameshavaa, anangoja. Dokta alikuwa anaangalia saa tu. Mwisho Maman Régine akamgeukia Mama Furaha, akamwambia, wewe ndiye tumekukosea, amua wewe.

Mama Furaha akasogea taratibu, akainama ndani ya boneti, akaigusa ile nyota kwa kidole. Nilijua naweza kupoteza kila kitu hapo na nisingekuwa na la kulalamika.

“Muache iende,” akasema. “Bibi harusi hajakosea mutu.” Kisha akanitazama. “Lakini leo zile zenye zimebaki, utaziosha weye.”

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Dokta akafunga boneti polepole.

“Fundi, inavuja?”

“Haivuji, Dokta.”

“Basi twende tumchukue Wambui.”

Wakaenda, Shosho anaunguruma mbele, na mimi nikabaki nimekunja mikono ya suti. Sherehe niliisikia kupitia dirisha la jikoni, povu hadi kwenye viwiko. Maman Régine alimwomba Mama Furaha msamaha mbele ya wenzake wote, akampa ule mwiko wake mwenyewe, na mimi nikaruhusiwa kupeleka sahani moja tu: ya Mama Furaha, kabla hata ya meza kuu. Nilimshukuru, na kila nikikumbuka namshukuru tena, kwa sababu ningekuwa mimi nimekaliwa asubuhi nzima na jina la mwizi, sijui kama ningeuliza habari za bibi harusi.

Dokta alikataa nimbadilishie tangi, anasema Shosho na sufuria ni watu wa jiko moja. Bwana Naidoo naye alikuja Mobeni kama alivyosema. Akina mama niliwatengenezea sufuria kubwa kuliko ile, na Mama Furaha, ambaye sasa Maman Régine amemwachia kazi hiyo, akaja na msumari na nyundo yake kuigonga nyota. Alipomaliza akaliona tangi la Bwana Naidoo mezani, jeupe, halina kitu juu. Akaniuliza kama huyo mzee naye nilimwahidi nyota. Nikasema ndiyo, lakini nitamweleza.

Akalivuta kwake, akashika msumari.

Tangu hapo sikati kitu cha nyumbani bila kukigeuza nione kitako chake na bila Mama Neema kusema ndiyo mara mbili. Na mkiona gari la zamani hapa mjini lenye nyota ya vitone chini ya boneti, msinisifu mimi. Kazi ni yangu, na ukiacha ile ya Shosho, ya Maman Régine, nyota zote amezigonga Mama Furaha.