Kilichotakiwa Kushuka Mlimani

Jumamosi iliyopita, kule Kisarawe, niliomba lifti kwenye guta la injini lililobeba masufuria mawili makubwa ya pilau ya harusi. Bibi yake bwana harusi alikuwa ameketi nyuma, kaishikilia mifuniko. Nikajibana pembeni yake. Msikiti uko juu ya kilima, ndoa ilikuwa imeshafungwa na wageni walikuwa wanasubiri kula.

Katikati ya mlima injini ikaanza kukohoa, guta likasimama.

"Mashine nzima, bibi," akasema dereva. "Ila mzigo umeizidi nguvu. Kitu kimoja kishuke."

Bibi akagusa sufuria la kwanza, akagusa la pili, kisha akanitazama kuanzia tumboni hadi kwenye viatu.

Nakiri kosa langu mbele ya Mungu na wasomaji: nilishika goti nikasema linauma.

"Pole, mwanangu. Basi nashuka mimi," akasema bibi, akaanza kukusanya khanga zake.

Dereva akacheka. "Wewe kaa, bibi! Ukishuka wewe, injini haitajua."

Nikashuka, goti zima kabisa. Guta likaupanda mlima kana kwamba limebadilishiwa injini.

Miaka yote nimekuwa nikimwomba Mungu aniongezee nguvu. Sikuwahi kufikiri kuomba anipunguzie mzigo.

Nilifika nikitweta, wageni wanakula. Bibi alikuwa ameniwekea sinia, limejaa pomoni.

"Kula ushibe, mwanangu," akasema. "Kurudi ni mteremko."